Mwanamke Mwenye Mabawa Kifuani mwa Bi Fakhriya

Nyumba nzima iliiita sarafu ile ya dhahabu pauni ya Malkia. Bi Fakhriya alitoka nayo Unguja ameishona ndani ya mto, akafika nayo Ibra, Omani, na mwaka wa sabini na tisa mjukuu wake Turkiya ndiye aliyekuwa aivae harusini. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mfalme, upande wa pili mwanamke mwenye mabawa. Bi Fakhriya alifundishwa na mamake kumvaa mwanamke kwa ndani, agusane na kifua, maana si adabu mwanamke kutazamwa na kila apitaye.

Akilala nayo humwota mwanamke huyo. Unguja alikuwa akitembea juu ya mapaa, mabawa yanapepea harufu ya karafuu mbichi. Ibra alitembea juu ya mitende, hashuki wala haondoki.

Marhun, mwana wa Bi Fakhriya, aliipeleka sarafu kwa Thabit, sonara wa sokoni, itiwe kipete kipya cha mkufu. Thabit akaitazama kwa kioo cha kukuzia, akacheka. Hii si ya Waingereza, alisema. Ni ya Warumi wa kale, na huyo mwenye mabawa walikuwa wakimwabudu, mungu wao wa ushindi. Marhun uso ukambadilika. Sanamu ya makafiri kifuani mwa mamake miaka yote hiyo! Akataka iyeyushwe, Turkiya atengenezewe bangili.

Bi Fakhriya alipofika, makaa yalikuwa yameshawaka. Hakugombana. Aliomba aishike tu. Ilipotua kiganjani ilikuwa na uvuguvugu, kama shavu la mtu aliyelala. Ndani ya moshi akaona bawa linafunguka polepole.

"Mtazame tena," alimwambia Thabit. "Uso wake uko wapi?"

Thabit akatazama. Mfalme alikuwa na pua yake na ndevu zake. Mwanamke hakuwa na uso, na bawa moja lilikuwa limelainika kama kipande cha sabuni.

"Umelika, bibi."

"Tumemla sisi. Mimi, na mama, na mamake mama." Akamgeukia mwanawe. "Marhun, mungu gani huyo anayemalizwa na jasho la wanawake?"

Thabit akainamia makaa, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mpe Turkiya ammalizie," alisema Bi Fakhriya.

Turkiya aliolewa nayo, mfalme nje, mwanamke ndani. Fungate ilipokwisha alikuja kumwamkia bibi yake. Akasema shikamoo, kisha akamnong'oneza kwamba ameota mtu anapita juu ya mitende.

"Hana uso, bibi."

Bi Fakhriya alijipapasa kifua chake kitupu.

"Marahaba," alisema.