Kichwa cha Tegu wa Kitwitwi

Usiku wa jana niliota niko maabara, na yule tegu tuliyemtoa tumboni mwa kitwitwi, ndege wa ufukweni, amekalia kiti changu, amekunja nne. Miguu hana. Kichwa pia hana, kwa sababu mchana nilikipoteza mimi, nikikihamishia kwenye kioo cha hadubini kwa brashi.

"Mama Hidaya," anasema, "kesho Dakta Mhando ananipeleka makumbusho nikapewe jina. Niende hivi?"

"Vaa kofia."

"Niivalie wapi?"

Spishi mpya ya tegu hutambuliwa kwa kulabu za kichwani. Bila kichwa, kazi yetu yote ni uzi mweupe ndani ya spiriti.

Tunatoka mlangoni, tunakanyaga matope, maji yamekupwa. Vitwitwi wamepanga foleni kwenye dirisha la makumbusho. Karani naye ni kitwitwi, kavaa miwani.

"Asiye na kichwa hapati jina," anasema. "Na aliyekipoteza anarudisha lake."

Naangalia koti langu la maabara. Jina langu linafutika, limebaki "Mama" tu. Hidaya, mwanangu wa kumzaa, anapita na begi la shule, ananiamkia kama mgeni.

"Shikamoo."

"Marahaba," najibu.

Namgeukia karani. "Kichwa kiko wapi?"

"Ulipomaliza kukihamisha, brashi uliifanya nini?"

"Niliichonga ncha."

"Kwa kutumia nini?"

"Ulimi."

Foleni nzima inageuka.

"Na mtoto unamgombeza akitafuna kalamu," anasema tegu.

"Ya nyumbani kwangu yaache."

"Fungua kinywa," anasema karani. Anatumbukiza mdomo wake, anachokoa kama anavyochokoa matopeni. "Kipo. Gego la mwisho, chini kushoto. Kimejishika."

"Basi kitoe."

"Mimi nashughulikia majina tu."

Nikaamka. Fizi inachoma, gego la mwisho, chini kushoto. Nikachukua kibanio cha nyusi na kioo. Kitu kama chembe ya chumvi kikang'ang'ania, kisha kikaachia. Nikakitia kwenye kifuniko chenye spiriti, nikampigia Dakta.

"Kichwa kimepatikana."

"Alhamdulillahi. Kilikuwa wapi?"

"Hakikwenda mbali."

Hidaya alikuwa amesimama mlangoni. "Shikamoo, Mama Hidaya," akasema, jina ambalo hajawahi kuniita. "Ulikuwa unatia nini mdomoni?"

"Marahaba. Kavae sare."

Nikaenda kusukutua. Maji yakatoka na matope.