Chupa Iliyokosa Mpokeaji

Karani wa vifurushi aliiweka chupa kwenye mizani, akauliza kama ndani kuna kileo.

"Divai," mjane akajibu. "Na pumzi ya mume wangu."

"Pumzi haina shida, mama. Kileo ndicho chenye masharti."

Marehemu alikuwa mtengenezaji wa divai. Alikata roho akiziba chupa, na pumzi yake ya mwisho ikaingia humo kabla kizibo hakijakaa. Tangu hapo alikuwa akiongea humo ndani, hasa jioni, kwa sauti ya mtu aliyejifunika blanketi. Alitaka jambo moja tu: aagane na Kitinda, mtoto wao wa mwisho, aliyekuwa kazini nchi ya mbali na hakuweza kuja mazikoni.

Karani akaeleza. Mtu binafsi haruhusiwi kutuma kileo. Anayeruhusiwa ni mfanyabiashara mwenye leseni. Na mpokeaji awe mtu mzima, aje mwenyewe, aonyeshe kitambulisho, atie saini.

"Leseni ninayo," chupa ikasema.

"Pole, mzee. Ya marehemu haifanyi kazi."

Mjane akaenda kwa shemeji yake, muuza vinywaji ambaye leseni yake ilikuwa hai. Shemeji akamwamkia kaka yake mle chupani, wakazozana kidogo kuhusu pipa ambalo kaka mtu aliliazima asilirudishe, kisha akaifunga chupa kwenye boksi, akabandika lebo. Ikaondoka.

Nyumba ikapoa. Mjane alipika kidogo, akala kidogo zaidi, mpaka Kitinda alipopiga simu.

"Mama, wamekataa kunipa."

"Ulikwenda mwenyewe?"

"Nilikwenda. Wanataka pasipoti. Yangu iko kwenye sefu ya bosi tangu nilipofika huku. Zetu sote zimo humo."

"Si umwombe, japo akuazime mara moja?"

"Niliiomba nije kumzika baba, mama. Unajua nilivyojibiwa."

Mjane alijua.

"Yule wa kaunta ana utu," Kitinda akaendelea. "Alisema kunikabidhi hawezi, ila kugusa boksi si kukabidhiwa. Basi nikaweka mkono pale juu, mpaka dereva wa bosi alipoanza kunipigia honi."

"Baba yako alisemaje?"

"Aliniuliza kama nakula. Nikamwambia nakula."

Chupa ikarudishwa kwa mtumaji, kama masharti yanavyotaka, na shemeji akaileta nyumbani. Mjane akaifuta vumbi, akaiweka mezani, akavuta kiti. Chupa haikusema neno. Akaanza kuhofu kwamba kizibo kimelegea njiani.

"Baba Kitinda, sema basi. Mmeagana?"

"Kuagana gani kule, na honi zile?"

"Lakini mtoto ni mzima?"

Chupa ikasema, "Aliniwekea mkono. Mke wangu, mkono ule hauna uzito. Yule mtoto hashibi."

"Mbona kaniambia anakula?"

"Na mimi kaniambia hivyo hivyo. Usimwambie nimejua. Atajisikia vibaya, na kutoka hawezi."

Kitinda alipopiga simu tena, pasipoti ilikuwa bado sefuni. Alisema anakula vizuri, tena siku hizi kanenepa. Mjane akamshukuru Mungu kwa sauti, na pale mezani chupa ikaitikia, "Amina."