Wambura Akataa Kushuka

Wambura alikuwa mkalimani wa mahakama. Alisimama kati ya hakimu na watu wa nyanda kavu za Mbeere ambao Kiswahili chao kiliishia sokoni. Aliishi Gachoka, na kila asubuhi alipanda basi lililotoka Kiambere kwenda Embu.

Siku za kawaida basi hilo lilimfikisha. Shida ilikuwa siku ya soko. Wenye mbuzi na magunia ya ndengu walijaa sokoni kule nyuma, na dereva aliona faida yake iko kwao. Kwa hivyo aliwabeba wafanyakazi hadi katikati ya njia, akawamwaga hapo, kisha akageuza kurudi sokoni.

"Mtafaulishwa," makanga wake, Mithika, alisema kila mara. "Mtahamia gari lingine, liko nyuma yetu."

Gari hilo lingine ama lilikuja limejaa hadi mlangoni, ama halikuja kabisa.

Februari moja, Wambura aliingia mahakamani viatu vimejaa vumbi jekundu, akakuta mzee Ngari amesharudishwa rumande. Ngari alikuwa mfugaji, ameshtakiwa kulisha mbuzi shambani mwa mtu. Alijua Kimbeere tu, na kwa kuwa hakukuwa na wa kumtafsiria, kesi yake ilisogezwa wiki mbili mbele.

"Wewe mama," hakimu alimwambia Wambura mbele ya watu, "nyumba yako huhamia mbali kila siku ya soko?"

Wambura aliomba msamaha. Usiku ule hakulala vizuri. Ameomba msamaha kwa kosa la nani? Mzee wa watu yuko seli kwa ajili ya mbuzi wa sokoni!

Wiki mbili zikaisha, na kesi ya Ngari ikaangukia tena siku ya soko. Basi lilisimama palepale penye kona, pasipo na duka wala kivuli.

"Shukeni! Shukeni haraka!" Mithika alipiga bati kwa kiganja.

Abiria walisonya, wakachukua mikoba yao, wakashuka. Wambura alibaki kitini.

"Madam, husikii?"

"Nasikia vizuri. Mimi naenda Embu."

"Gari lingine linakuja."

"Basi tulingoje pamoja. Likifika, nitashuka."

Mithika alicheka. "Sisi wenye gari ndio tunajua linaenda wapi."

"Hata mimi najua. Pale Gachoka ulipiga kelele mwenyewe: Embu, Embu, Embu! Au ulikuwa unaimba?"

Nje mtu aliangua kicheko. Alikuwa Njeru, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye tayari alikuwa amesimama vumbini. Aliutazama mlango, akapanda tena na kuketi karibu na Wambura.

"Hata mimi nilisikia Embu," alisema.

Cicily, muuguzi, akamfuata. Kisha wengine, mmoja mmoja, hadi viti vikajaa tena.

Dereva alikuja kufoka. Alitishia kuita polisi. "Waite," Wambura alimjibu. "Nafanya kazi nao kila siku." Dereva alirudi kwenye usukani, akageuza basi kwa hasira na kuwarudisha wote sokoni.

Huko wachuuzi waliukimbilia mlango na magunia yao. Hapakuwa na kiti hata kimoja.

"Mbona mmetuletea gari limejaa?" aliuliza mama mmoja aliyeshika kamba ya mbuzi.

Wambura alitoa kichwa dirishani, akaeleza yote kwa Kimbeere. Yule mama alimgeukia Mithika.

"Kumbe ni mchezo wenu! Nasi pia mnatutupa kwenye kona hiyo jioni, na mizigo, mkidai gari limeharibika!"

Wachuuzi wakaanza kupaza sauti, na duara lao likazidi kubana. Dereva hakungoja zaidi. Alitia gia akaelekea Embu.

Wambura alifika amechelewa vilevile. Askari alikuwa anamtoa Ngari kwenda seli kwa mara nyingine. Wambura alisimama katikati ya mlango.

"Mheshimiwa, mkalimani amefika."

Hakimu alivua miwani. "Saa hizi?"

"Saa hizi, mheshimiwa. Basi lilitaka kunitupa njiani na nimekataa. Naomba mzee asomewe shtaka."

Hakimu aliashiria mzee arudishwe. Ngari alipoelewa shtaka lake, alishika kichwa.

"Mbuzi hao ni wa jirani yangu! Mimi ndiye niliyewafukuza humo shambani!"

Hakimu aliagiza jirani aitwe, akamruhusu mzee aende nyumbani kungojea siku ya kusikilizwa. Kwa Wambura alisema neno moja tu: akichelewa tena, asirudi.

Kesho yake asubuhi, basi lilimpita Wambura Gachoka bila kupunguza mwendo. Mithika alikuwa mlangoni, akimpungia mkono na kucheka.

Mara kelele zikazuka ndani ya basi. Watu walipiga mabati na vioo. "Simamisha! Simamisha gari!" Liliposimama mbele kidogo, kichwa cha Njeru kilikuwa nje ya dirisha.

"Madam Wambura, njoo!"

"Kimbia basi, mama, unatuchelewesha!" Mithika alifoka.

Wambura aliweka mkoba wake begani vizuri, akatembea kama mtu anayekwenda kanisani, nao wakamngoja.