Rekodi Mbili za Wimbo wa Mjane

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, shemeji yangu huletwa na binti yake hadi mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, nasi tunaanza kazi yetu: kubishana. Tunabishania oratorio moja ya enzi ya Baroki, yaani hadithi ya Maandiko iimbwayo mwanzo hadi mwisho bila mavazi wala maigizo. Niliifahamu katika shule ya jioni, nilipokuwa fundi wa mashine kiwandani, na sioni haya kusema kwamba naielewa kuliko wengi waliosoma asubuhi. Shemeji aliimba besi katika kwaya yetu. Dada yake, marehemu mke wangu, alikuwa akituletea chai na kutuita majogoo.

Sasa hakuna wa kutuamua. Wengine wakija kwangu huja kunijulia hali, na hali ikishajulikana huondoka. Shemeji peke yake ndiye huja kunipinga.

Nina santuri mbili za kazi hiyo. Moja ni ya kundi dogo, fidla zao za nyuzi za utumbo, mwendo wao mwepesi. Nyingine ni ya kwaya kubwa, waendao polepole kama waliobeba jeneza. Sheria yetu ni kwamba mwamuzi huketi akitazama dirisha, mgongo kwa mashine ya santuri, asione jalada. Masikio ndiyo yaamue.

Jumamosi iliyopita nilianza, kama kawaida yangu, na kundi dogo, wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza: mjane anarudi kwao mikono mitupu. Ulipoisha niliifuta santuri vumbi, nikaizungusha mikononi, nikairudisha ileile. Sikutambua mpaka niliposikia kikohozi cha mtu aliyekuwa ukumbini siku ya kurekodi, palepale kilipokuwa. Nilitaka kuizima, kisha nikajizuia. Leo nimempata mzee huyu!

Wimbo ulipokwisha nilimgusa bega. Siku hizi lazima umguse. Husema muziki humzamisha.

"Ya pili!" akasema, macho dirishani. "Wale wa kwanza wanakimbia kama wamekanyaga siafu. Lakini huyu mama wa pili, shemeji, analia kwa adabu. Umesikia alivyovuta pumzi?"

Nilifungua kinywa nicheke. Jikoni birika likaanza kupiga mluzi, ule mluzi wake wa kuamsha mtaa mzima. Zamani angeniambia, "Zima treni lako hilo." Hakugeuza hata shingo.

"Shemeji," nikasema kwa sauti ya kawaida, "nyumba inaungua."

Aliendelea kutazama dirisha, anatabasamu kwa ushindi.

Nilikwenda kuzima jiko, nikasimama pale na kitambaa mkononi. Muda mrefu sasa jibu lake limekuwa ya pili, na mimi daima huanza na kundi dogo. Tangu lini, basi, nimekuwa nikisikiliza peke yangu katika chumba chenye watu wawili? Na nikimwambia? Ni mtu wa fahari, hanishindi wala simshindi kwa hilo. Angesema magoti yanamsumbua, na Jumamosi ijayo mlango wangu usingebishwa.

Nilirudi, nikavuta kiti nikaketi mbele yake, aione midomo yangu.

"Umeshinda!" nikasema. "Ya pili!"

"Mbona unanipigia kelele? Mimi kiziwi?"

"Ni furaha ya kushindwa."

"Wewe? Ukifurahia kushindwa, tukupeleke hospitali. Hebu weka tena wale wakimbiaji, nikuonyeshe wanapoharibu."

Niliweka. Akageuka, akatazama sindano ikishuka, akafumba macho, akaanza kupiga mapigo hewani kwa mkono wa kulia, taratibu, kwa mwendo tuliofundishwa kwayani. Kundi dogo likamwacha nyuma tangu mstari wa kwanza. Kila mara aliinua kidole kunionya: hapa, hapa wanaharibu. Nami nikaitikia kwa kichwa, ingawa macho yake yalikuwa yamefumbwa.

Waimbaji wakamaliza. Sindano ikabaki inakwaruza mwisho wa santuri. Mkono wa shemeji ulikuwa bado uko katikati ya wimbo, unapanda na kushuka, na midomo yake inatembea. Sikuigusa mashine. Nilikaa nikiutazama ule mkono, nikijaribu kujua mjane amefika wapi.