Pumzi ya Redio

Wifi yangu tulimbandika jina la Redio tangu siku ya harusi yake, na hajatokea wa kuizima. Ndiyo maana nilijua mapema kwamba kwenye mashine ya picha tutaumbuka.

Kazi yangu ni kuchora mioyo. Mwenye saratani ya titi la kushoto akishapigwa picha, mimi huketi kwenye kompyuta na kuuzungushia moyo wake mstari, kipande kwa kipande, vyumba vyake na ule mshipa mwembamba wa mbele, ili mionzi ipangwe kuukwepa. Moyo wa wifi ulikuwa umeegemea ukuta wa kifua kama mtu anayechungulia kwa jirani. Dawa ni moja: avute pumzi ndefu, aishike sekunde ishirini na tano. Mapafu yakijaa, moyo husogea.

Mara ya kwanza alishika tisa. "Jamani, hiki kitanda huwa mnakifuta kweli?"

Mara ya pili saba, akaangua kicheko.

Daktari alizima kipaza sauti. "Akishindwa, tuchague. Mionzi iuguse moyo, au tuuache ugonjwa."

"Ni mke wa kaka yangu, daktari."

"Basi ongea naye wewe. Mimi hanisikii."

Nikawasha. "Wifi, vuta, shika. Nikupe umbea wa mwenye nyumba wenu."

Kumi. Kumi na nne. "Si useme basi!" Pumzi yote ikatoka.

"Mara moja tu tena," nikamsihi daktari. Lakini nimpe nini? Umbea wa mtaa mzima ninao kwa sababu yeye ndiye aliyenipa. Nilibaki na mmoja tu asioujua, na nilikuwa nimeapa kuuficha. Nje kwenye benchi, kaka yangu alikuwa amepakata mkoba wa mkewe.

"Vuta pumzi, wifi. Shika. Hii ni ya nyumbani kwako."

Kifua kikapanda.

"Kaka ana mtoto nje. Wa kike. Ana miaka minne."

Kumi. Ishirini. Ishirini na tano. Kwenye skrini moyo ukajitenga na ukuta, upana wa kidole. Daktari akanipiga begani. Thelathini.

"Pumua, wifi."

Thelathini na tano.

"Pumua! Nakuomba, pumua!"

Aliiachia polepole. Nilimkimbilia. Alikuwa akifunga vifungo, kila kimoja kwenye tundu lisilo lake.

"Mama anajua?"

"Anajua."

"Na wadogo zenu?"

"Wanajua."

"Kwa hiyo ni mimi tu." Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Jumatatu mionzi inaanza, wifi. Utakuja? Niambie utakuja."

Akatoka. Nilirudi kwenye kompyuta kuuchora moyo wake, nikaufuta mstari wa ule mshipa mara nne. Kupitia mlangoni nilimsikia kaka akicheka:

"Mke wangu, leo mbona huongei?"