Mama Asiyekaa

Kiti cha kwanza kililetwa na Katongo. Ni mwanamuke Mubemba, mwenyeji wa hapa, anauza chisense, wale samaki wadogo wa kukausha, meza ya pili kutoka kwangu, na tangu nifike hapa Kabuta kando ya ziwa hajawahi kunipa hata chumvi. Ile asubuhi akanisukumia kiti cha plastiki na kusema kwa Kiswahili chake cha soko: kaa, mama, pumzika. Nikasema aksanti, nikaweka beseni langu la samaki wa moshi juu yake. Akaangalia beseni, akaniangalia mie, akarudi kwake. Nikajiambia, ehe, Laurentine, heshima imeanza kukufikia.

Kesho yake Given, muuza sabuni, akaleta kigoda. Kisha bibi ya mwenye mashine ya kusaga akaleta benchi, benchi nzima ya kukalia harusi! Kaa, mama. Kaa kidogo tu. Nikiinama kupanga samaki, soko lote kimya. Nikiinuka, maneno yanaanza tena. Na wanunuzi hawaji. Wanapita kwangu wakiangalia juu, utafikiri samaki siku hizi wanauzwa ku mawingu.

Mie sikai. Hilo kila mutu analijua. Ninauza nimesimama, ninatembea huku na huku nyuma ya meza, na ku kanisa ninasimama mulangoni hadi baraka ya mwisho. Sababu nitakuambia wewe kwa kuwa hunijui na hatutakutana: nina bawasiri. Nesi wa kliniki aliita emoroide, nikaona hilo neno la Kifaransa lina adabu kidogo, lakini kitu ni kilekile. Ilinianza wakati tunakimbia vita kwetu Pweto na mizigo ku kichwa, tukafika kambi ya wakimbizi ya Kenani mie tayari siwezi kukaa chini na wenzangu kungoja chakula. Siku nzuri ninakalia ubavu mumoja. Siku mbaya, hata ubavu hapana. Hiyo si habari ya kumupa mutu. Bwana yangu mwenyewe alikufa hajui.

Aliyenifungua macho ni Lévi. Lévi anabeba samaki kwa kinga, baiskeli yake, hadi Mwansabombwe, na kila juma alikuwa ananunua kwangu kwanza. Sasa ninamuona anapita mbio, shingo imekazwa. Nikaruka nikashika kinga kwa nyuma, karibu tuanguke wote wawili. Nikamuuliza kama samaki zangu zimemutukana. Akaangalia miguu yangu, akaangalia wapita njia, kisha akatoa telefone akaniambia nisikilize mwenyewe, yeye hataki matata.

Sauti ikatoka. Mawe, mama wee! Ilikuwa sauti ya Chouchou.

Chouchou ni mutoto wa dada yangu Mwamba, mwenye kulima mihogo kule Mantapala. Alinipa huyu binti aishi nami ziwani, anisaidie. Nilijua anapenda kusoma mu telefone, nilijua anarekodi vihadithi na kuvituma mu grupu ya WhatsApp. Sikuwahi kuvisikiliza. Sasa namusikia anasema: hapo kale, chini ya ziwa, palikuwa ufalme, na mu ule ufalme palikuwa mulozi aitwaye Mama Asiyekaa. Amewafunga samaki wote. Nguvu yake iko mu miguu: akiwa amesimama, samaki wanamutii, siku atakayokaa, ulozi unaanguka na samaki wanarudi kwa watu. Hata sura hakubadilisha, ule mutoto. Mulozi anafunga kitenge kwa kushoto kama mie. Anakohoa kabla ya kutaja bei kama mie. Anatembea huku na huku kama mie, na ana harufu ya moshi wa kukaushia samaki.

Lévi akaniambia kwamba wavuvi wengi hawakusikia hii sauti yenyewe. Waliisikia kwa mutu aliyeisikia kwa mutu, na ilipofika kwa Kibemba lile "hapo kale" lilikuwa limekwisha kuanguka njiani. Na ziwani samaki hazikuwepo kweli. Upepo mubaya, mbalamwezi kubwa, taa za mitumbwi hazivuti kitu. Muvuvi yeyote anaijua hiyo sababu. Lakini mutu mwenye njaa, sababu moja haimutoshi.

Nilifika nyumbani sikusalimia. Chouchou alikuwa anasonga ugali, nikamunyang'anya mwiko. Nilimuambia yote yaliyokuja ku mudomo, mengine sitayarudia. Na yeye, unajua alifanya nini? Alianza kunifundisha. Eti kuna vile vitabu vinene vya wazungu, vya wafalme na majoka na watoto wenye kurusha moto kwa vidole, dunia nzima inavisoma, na kuna muzungu mumoja mu telefone anayeeleza namna vinavyotengenezwa. Ulozi bila sheria ni uvivu wa mwandishi. Ulozi lazima uwe na bei, na mulozi ailipe: Mama Asiyekaa analipa kwa kutopumzika milele. Muovu apewe kitabia kidogo ambacho musikilizaji hatakisahau. Na tabia usizitafute mbali, chukua kwa watu unaoishi nao. Macho yalikuwa yanamuwaka. Akaniambia watu wa grupu wanamuandikia kila siku, wanauliza lini inaendelea. Maisha yake yote hajawahi kungojwa na mutu. Vraiment, nilimuonea huruma na nilitaka kumupiga, vyote pamoja.

"Kwa ule muzungu wako," nikamuambia, "mutu akifunga kitabu, ulozi unabaki ndani. Hapa Kabuta unafunga wapi?"

Muzungu hakufundisha hilo somo.

Siku mbili sikutulia. Nilisema kwanza niende kwa mwenye soko, nikaacha. Nikasema niende kwa pasta. Lakini pasta mwenyewe Jumapili alikuwa ameniachia nafasi mbele, akapiga-piga ile benchi kwa mukono huku ananitazama. Nikawa natembea hata zaidi, meza hadi maji, maji hadi meza, na kila nikitembea najua ninawathibitishia.

Alhamisi, jua likishuka, Mpundu akaja. Mpundu ana mitumbwi mingi na taa nyingi, vijana wa hapa karibu wote wanavua kwake. Alikuja na wawili wao. Akavua kofia, akauliza habari za nyumba, akaongea taratibu, hata sauti hakuinua. Akasema watoto wa wavuvi wanalala njaa. Akasema kesho asubuhi ataleta kiti, nitakaa mbele ya watu wote, halafu maneno yaishe.

Nikasema sikai.

"Ukishindwa, mama," akasema, "tutakusaidia kukaa."

Basi nikarudi nyumbani na hilo neno "kusaidia". Nikalipindua huku na huku. Nikikaa na samaki zisitoke, watasema sikukaa vizuri, nikalishwe tena. Nikikaa na samaki zikatoka, kwa sababu upepo umegeuka tu, basi mie ndiye mulozi na imehakikishwa, na mulozi aliyehakikishwa haachiwi nyumba wala mwili. Nimeona huko tulikotoka nyumba ya bibi muzee ikichomwa kwa neno dogo kuliko hili. Niliogopa. Sikuogopa hivyo tangu siku tuliyovuka mupaka.

Nilipomueleza Chouchou, akalia, akashika magoti yangu. Kisha akafuta pua na kusema amepata: jioni hii hii atarekodi kipande cha mwisho, Mama Asiyekaa auawe, hadithi ife.

"Usimuue," nikasema. "Ukimuua leo, kesho watajua la kunifanya."

Halafu akaniuliza kitu ambacho kwa miaka yote ya kuishi nyumba moja hakuwahi kuniuliza: kwani mama mudogo, kweli, juu ya nini hukai, sababu ni nini? Nikageukia ukuta, nikamuambia. Akacheka. Ilimutoka tu, masikini, akafunga mudomo kwa mikono miwili. Nikamuambia hiyo ndiyo sababu aitie mu hadithi. Hapo akaacha kuwa mutoto wangu, akawa mwandishi. Eti hapana, ni sababu ndogo. Eti sababu ya muovu lazima iwe na uzito, kisasi, damu ya kifalme, kiapo. Akisema mulozi wake mukubwa ana bawasiri, nani atamuogopa tena?

"Si ndiyo ninachotaka!"

Alinielewa, na nikaona imemuuma. Alikuwa anaua kitu chake cha kwanza kizuri. Akashika telefone, akafungua mudomo, maneno yakakataa. Akajaribu tena. Mara ya tatu nikamunyang'anya kama nilivyomunyang'anya mwiko, nikabonyeza pale aliponionyesha.

"Mie ni Laurentine wa samaki, mama mudogo wa Chouchou. Ule mama asiyekaa mu hadithi, miguu ni yangu, kitenge ni changu, ulozi si wangu. Sikai juu ya bawasiri. Inauma, inatoa damu, na haya imenifunga mudomo. Mwenye kuleta kiti kesho, alete na mito."

Kisha nikarudia yote kwa Kibemba changu cha kuokoteza, Mpundu asije kusema hakuelewa. Ilipokwenda, nilitamani kuikimbilia niirudishe. Mficha ugonjwa, kifo kitamuumbua, wanasema; sawa, lakini hakuna aliyesema asiyeuficha ataonaje uso wa watu kesho. Nikatoka nje nikatembea hadi Chouchou akaja kunifuata na ugali umepoa.

Asubuhi nilifikiri sana njia ya Mantapala, kwa dada. Lakini nikienda, nimekimbia, na aliyekimbia ndiye mulozi. Nikabeba beseni langu.

Mpundu alikuja kweli. Kiti cha mbao, cha mikono miwili, nadhani kilitoka kanisani. Watu wakajaa. Huku nyuma mutu alikuwa anacheka, mwingine anamunyamazisha, donc nilijua wamesikia. Mpundu naye alikuwa amesikia. Akasema telefone inasema mengi, na mulozi hakosi ugonjwa wa kusingizia. Akaweka kiti mbele yangu. Kijana mumoja akanishika mukono juu ya kiwiko. Mie, Laurentine, mwenye mudomo wa kushinda soko zima, nilitafuta neno na sikupata hata moja. Chouchou alikuwa anamuvuta ule kijana shati na kulia.

Katongo akatoka nyuma ya meza yake. Hakuharakisha. Akashika mugongo wa kile kiti, akakivuta pembeni hadi kikapiga kelele ku mawe, akasimama pale kilipokuwa.

"Mie pia," akasema kwa Kibemba, kisha akanitazama akasema kwa Kiswahili: "Tangu mutoto wa nne." Akamugeukia Mpundu. "Munikalishe mie kwanza."

Halafu bibi ya mwenye mashine, ule wa benchi, akainua mukono taratibu kama mutoto wa shule, akashusha uso. Mwingine huko kwenye mihogo akasema, hee, hata mie nilifikiri niko peke yangu. Wanawake wakaanza kucheka, kicheko cha tumbo, kinachomaliza nguvu, wanashikana mabega. Kijana akaniachia mukono haraka. Mpundu alisimama kidogo, anatafuta mutu wa kumuangalia usoni, hakumupata. Akabeba kiti chake mwenyewe, wale vijana walikuwa wameshatoweka.

Usidhani iliishia vizuri. Lévi alinunua, ndiyo, na akataka bei ya chini akijua sitabishana. Watoto wanaigiza mwendo wangu njiani, wengine wameshika matako, na nikiwakimbiza wanafurahi zaidi. Mwenye duka la dawa ameniita mara mbili kwa sauti ya mbali. Kuna saa natamani ningebaki mulozi. Samaki nazo bado hazijatoka.

Jioni ya siku ile Chouchou alikuja ku meza yangu, telefone mukononi, macho mekundu. Grupu imejaa kuliko zamani, kila mutu anataka iendelee, lakini itaendeleaje, muovu amekwisha. Sikumuonea huruma sana, nilikuwa nimechoka. Akaanza tena na muzungu wake: kuna somo alikuwa hajalifikia, amelisoma leo. Eti muovu wa kweli hajijui. Anaamini anatenda mema, anaamini anawaokoa wenzake, na anaongea kwa upole.

"Sasa mama mudogo, nani atakuwa muovu?"

"Andika wale walioleta viti," nikamuambia.

Katongo alikuwa pale pale, kati ya meza yake na yangu, anafunga gunia la chisense. Nisikudanganye, nilijua yuko pale niliposema. Aliendelea kuzungusha kamba, mara moja, mara nyingine, akaikaza kwa goti.

"Anza na mie," akasema.