Kahawa Iliyochanua Kimya

Mwaka ule tulipooana nilishindwa kitendawili kimoja, nikampa mume wangu Nkwenda yote, pamoja na soko lake na malori yanayokwenda mpakani. Huo ndio ulikuwa mchezo wetu mimi na Kaijage. Mmoja anatega, mwenzake akishindwa anatoa mji. Yeye naye aliwahi kunipa Kayanga, halafu akaniomba nimrudishie kwa sababu fundi wake wa baiskeli alikuwa anakaa huko. Nikakataa. Tumezeeka hivyo hapa Kamuli, watu wawili wenye miji mingi na nyumba inayovuja jikoni.

Kaijage alikuwa mfuga nyuki. Macho yalipoanza kumwacha aliwagawia vijana mizinga mingine, akabaki na minne tu. Nilimshushia kutoka mitini, nikaiweka juu ya magogo mwisho wa kibanja chetu, pale ambapo migomba inaisha na mibuni inaanza, ikawa usawa wa kifua chake. Macho yalipokwisha kabisa, kazi yake ikawa kukaa pale kwenye kigoda na kusikiliza.

Na alikuwa anasikia! Mvua za kwanza zikinyesha na kahawa ikichanua, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutangaza. Mimi nikiwa bado napuliza moto, naitwa huko nje:

"Mama Agnetha! Waalikwa wamefika!"

Nikitoka nakuta mibuni imevaa nyeupe kutoka juu hadi chini, na ndani ya weupe ule sauti ya nyuki, kama kwaya inayojifunza wimbo nyuma ya mlango uliofungwa. Kaijage anatabasamu kama baba wa bibi harusi.

Mimi nilikuwa na vanila yangu kando ya nyumba. Vanila mnaijua, ule mmea unaotambaa kwenye mti. Imeletwa kutoka nchi za mbali, na mdudu anayeozesha maua yake amebaki huko kwao. Basi kila ua likifunguka asubuhi lazima mtu uwahi na kijiti, ufunue kwa ncha, ubonyeze kwa kidole gumba, ndipo lishike mimba. Ukichelewa, jioni limekauka.

"Mke wangu amekuwa mshenga," Kaijage alikuwa ananicheka. "Nyuki wangu wanaozesha kibanja kizima bila hata kuomba uji. Wewe unaozesha ua moja moja, unaguna kama umebeba gunia."

"Nyamaza, mzee. Fedha ya vanila ndiyo inayokununulia tumbaku."

"Kitendawili."

"Tega."

"Bibi harusi katoka mbali, mshenga wake kamwacha kwao."

"Vanila! Leta mji!"

"Wewe mwanamke, ukijibu hupewi mji. Mji hutolewa na anayeshindwa."

"Basi shindwa."

Tulikuwa tunacheka hivyo, sina haja ya kuwaficha.

Sasa, jirani yetu wa chini alikuwa Nolasco. Huyo ni mdogo wangu, tumbo moja. Alinunua kibanja pale makusudi ili awe karibu na dada yake. Alikuwa anapika rubisi, pombe yetu ya ndizi, na siku ya kukamua ndizi, nyuki wa Kaijage walikuwa wanajaa kwenye mtumbwi wake wa kukamulia hadi Nolasco anapiga kelele: "Muramu, njoo uwaite walevi wako!" Muramu ndivyo tunavyowaita mashemeji huku. Kaijage anajibu kutoka juu: "Waache wanywe, watalipa kwa asali!" Na kweli asali ya kwanza ilikuwa inakwenda kwa Nolasco, na rubisi ya kwanza inakuja kwetu.

Halafu mnyauko ukaingia. Majani ya mgomba yanageuka njano na kuning'inia kama nguo zilizoanikwa vibaya. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukimenya ndani ni nyeusi. Ukikata shina linatoa usaha. Ulianzia vibanja vya barabarani, ukafika kwa Nolasco.

Bwana shamba akaita mkutano. Alieleza vizuri, simsingizii. Alisema ugonjwa unabebwa na wadudu, wakiwemo nyuki, wanapotua kwenye ua dume la mgomba mgonjwa, lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, kisha wakatua kwenye ua la mgomba mzima. Kwa hiyo, ndizi zikishatoka zote, ua lile livunjwe mapema. Livunjwe kwa mti wenye panda, siyo panga, kwa sababu panga nalo linabeba ugonjwa. Na panga likitumika kokote, lipitishwe kwenye moto kwanza.

Watu walisikia neno "nyuki", na hapo masikio yao yakafunga duka. Usiku ule ule vijana waliogawiwa mizinga waliichoma yote.

Nolasco alikuja kwetu kesho yake. Kaijage alikuwa kwenye benchi, mimi nachambua maharage.

"Shikamoo, muramu."

"Marahaba. Leo umekuja na miguu mizito, nimekusikia tangu kwenye mfereji."

"Muramu, nyuki wako wananimaliza."

"Wamekuuma?"

"Afadhali wangeniuma."

Kaijage akageuza uso upande wa mizinga. "Wanabeba, sikatai," akasema. "Bwana shamba hakudanganya. Lakini ua ndio mlango, Nolasco. Funga mlango. Vunja maua."

"Nivunje maua nipate rubisi ya namna gani? Mkungu usio na ua ndizi zake hazina maji. Marehemu baba alituambia."

"Marehemu baba hakuuona mnyauko."

"Rubisi yake inakuwa maji ya kunawia!"

"Basi nipeleke mimi. Nipe mti wa panda, unishike mkono, nikuvunjie mwenyewe."

"Kipofu aingie kibanjani kwangu na mti! Si utanivunja shingo ukidhani ni ua?"

Tukacheka wote watatu. Nolasco alicheka zaidi yetu, akaendelea kucheka, mara nikaona mabega yake yanatikisika vingine. Alikuwa analia. Mtu mzima, mdogo wangu niliyembeba mgongoni, analia kwenye benchi letu.

"Nina watoto sita, muramu," akasema. "Kwani asali ya mizinga minne ni kitu gani?"

"Siyo asali," alisema Kaijage.

Nolasco alipoondoka nilimwambia mume wangu, "Ngoja kwanza, Baba Agnetha. Ataelewa."

"Ningoje nini? Migomba yake iishe, halafu nimtazame kwa macho gani, mimi?" Akapapasa benchi pale Nolasco alipokuwa amekaa. "Ni ndugu yako. Amelia hapa."

Jioni ya siku ya pili yake, jua likiwa limeshuka na nyuki wote wameingia, Kaijage alinituma udongo wa mfinyanzi. Aliukanda mwenyewe hadi ukalainika. Nolasco alikuja na mafungu ya nyasi kavu, kama walivyopatana. Alitaka kusaidia kuziba, Kaijage akamwambia, "Wewe kaa na kiberiti chako. Hawa wananijua mimi."

Alisogea kwenye mzinga wa kwanza, akaweka sikio. "Wote wapo nyumbani," akasema. Akaziba mdomo wa mzinga kwa udongo, akausawazisha kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayeziba ufa wa nyumba yake mwenyewe. Sauti ndani ikapanda. Akaweka kiganja chake juu ya mzinga kama unavyomtuliza mtoto mwenye homa, wala hakukiondoa mpaka alipokwenda kwa wa pili. Kwa wa mwisho alikawia.

"Hawa walikuja wenyewe," alisema. "Sikuwaita. Nilitundika mzinga mtupu, asubuhi nikakuta wamehamia."

Kisha akaniambia, "Nirudishe nyumbani," na Nolasco akawasha nyasi. Harufu ya nta ilitufuata mpaka mlangoni. Ilinukia kama kanisani siku ya Pasaka.

Hatukutegeana kitendawili jioni ile. Wala jioni zilizofuata.

Na migomba ya Nolasco? Iliendelea kufa. Maua yalikuwa bado yananing'inia, nzi na nyigu wakaendelea kutua, na panga lake likaendelea kutoka shina hadi shina bila kuona moto. Kabla mvua hazijaanza alikuwa ameng'oa kibanja chote. Kutoka uani kwangu nikawa naona nyumba yake nzima hadi msingi, nyumba ambayo sikuwahi kuiona zaidi ya bati.

Kisha mvua zikanyesha, na kahawa ikachanua.

Niliamka nikakuta weupe. Nikasimama mlangoni na kuni mkononi, nikisubiri kuitwa. Kaijage alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake katikati ya mibuni. Hakuita. Nikamfuata.

"Nasikia harufu ya chakula," aliniambia. "Waalikwa wako wapi?"

Niliangalia kila upande. Vipepeo wawili. Nzi. Hata wale ndege wa kijani wanaokula nyuki, waliokuwa wanajipanga kwenye waya wa umeme, hawakuwepo. Ndipo nilipokumbuka maboga yangu, jinsi yalivyokuwa yanatoa vitoto vya ukubwa wa kidole gumba, vinageuka njano na kudondoka, nami nikawa nalaumu mbegu.

"Jua bado halijapata nguvu," nikasema. "Watakuja."

Akakaa mpaka adhuhuri. Nilimpelekea ndizi pale pale, hakula. Mtu aliyepika harusi hawezi kula kabla ya wageni.

Asubuhi iliyofuata nilichukua unyoya wa kuku. Nilijiambia, kama vanila naiweza, kwa nini nisiweze hii? Bwana shamba alishatueleza kwamba kahawa yetu hii haijiozeshi, inataka unga wa ua la mti mwingine. Basi nikawa nagusa maua ya mbuni huu, naenda kugusa ya ule. Huu, ule. Nilichagua tawi moja lililokuwa usawa wangu, nikaligusa lote, ua kwa ua.

"Unafanya nini hapo?" Kaijage aliuliza.

"Napalilia."

"Jembe gani hilo halina sauti?"

Nikaona haya. "Naozesha."

Alicheka, kile kicheko chake cha zamani. "Mshenga!" akasema. Nilifurahi sana kukisikia, hata mkono ukasimama. Halafu kikapungua, kikaisha.

"Umefika wapi, Mama Agnetha?"

"Tawi moja."

"Yapo mangapi?"

Nilitazama kibanja. Weupe ulikuwa umefika hadi mpakani kwa Nolasco, na kila tawi lina maua kama povu la sabuni. Mgongo ulikuwa unaniuma. Nikauweka unyoya chini. Kabla ya juma kwisha maua yote yalikuwa chini, ya kahawia, nikayafagia.

Siku moja tukasikia *tak*, *tak*, kwenye migomba yetu.

"Nani huyo?" Kaijage aliuliza.

Nikaenda kutazama. Alikuwa Nolasco, amekonda, ana mti mrefu wenye panda, anavunja maua ya migomba yetu. "Nimalize kwanza," alisema bila kugeuka. Nilirudi nikasema, "Ni Nolasco. Anavunja maua."

"Anafunga mlango," alisema Kaijage.

"Ndiyo."

"Mwite aje anywe maji."

"Amesema amalize kwanza."

Kaijage aliinamisha kichwa akisikiliza *tak*, *tak* ile ikizunguka kibanja kizima. "Mwambie asiufunge sana," akasema. "Labda yupo mmoja aliyechelewa nje."

Migomba yetu haikuugua, hilo namshukuru Mungu na mdogo wangu. Mavuno ya kahawa yalipofika, Kaijage aliomba nimpeleke akashike. Nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu na sikuwa nimemwambia kitu. Alinyoosha mkono, na kati ya matawi yote mkono wake ukaangukia lile tawi. Buni zilikuwa zimejaa, zimebanana kama watoto kwenye dawati moja. Uso wake ukafunguka.

"Eh! Mama Agnetha! Mwaka mzuri!"

Vidole vikateleza mpaka mwisho wa tawi, vikahamia la pili. Buni moja. Nafasi. Nafasi. Mbili. Nafasi. Akaenda la tatu, na mti wa pembeni, akipapasa haraka haraka kama mtu aliyedondosha ufunguo. Halafu akarudi taratibu kwenye lile la kwanza, akalishika.

"Hili ni lako," akasema.

"Ni langu."

Alikaa kwenye gogo lililokuwa pale, tawi bado liko mkononi. Lilikuwa moja ya yale magogo yaliyobeba mizinga, limeungua upande mmoja. Nilianza kuchuma, kikapu kikawa kinalia kila buni inapoanguka, jinsi kilivyokuwa kitupu.

"Kitendawili," alisema.

Mikono ikanisimama. Karibu mwaka nilikuwa sijalisikia neno hilo kinywani mwake.

"Tega."

"Kijiji kina watu maelfu, mlango ni mmoja, na hakuna aliyewahi kusikia wakigombea kupita."

Nililijua jibu. Hata mtoto wa darasa la kwanza angelijua. Nikafungua mdomo nilitamke, likakataa kutoka. Ni neno ambalo lilikuwa halijatamkwa nyumbani kwetu tangu jioni ile ya udongo, na sikutaka niwe mimi.

"Nimeshindwa," nikasema. "Chukua mji."

"Upi?"

"Chukua Kayanga. Nakurudishia, na fundi wa baiskeli humo humo."

Alijua kwamba nimejua. Vidole vyake vilikuwa bado vinahesabu buni za tawi langu, moja moja.

"Kayanga siutaki," alisema. "Nkwenda pia chukua. Nipe hicho kijiji."

Nikaweka kikapu chini, nikaenda kukaa naye juu ya gogo. Katika miji yote niliyowahi kupata kwake, hicho sikuwa nacho.